Picha inayonyamaza na picha inayosema: ipi uitundike ukumbini?

Shemeji yangu amemaliza nyumba Fuoni. Bati limepigwa, vigae vimelazwa, makochi yameshushwa, na ukuta mkubwa wa ukumbini umebaki mweupe unamtazama. Anataka picha moja. Hataki simba, hataki Mmasai aliyeegemea fimbo, hataki jahazi na jua linalotua. Hizo anapishana nazo kila akipita mtaa wa Gizenga. Anataka kazi ya Mwalimu, mchoraji wetu wa hapa mjini, na anataka nimwambie mimi achukue ipi: zile za zamani za rangi tupu au hizi za sasa za kanga. Nimeshamjibu kwa simu mara mbili. Bado anauliza.

Mimi si mchoraji wala si dalali wa picha. Natengeneza fremu Mji Mkongwe, na kazi za Mwalimu zinapita mikononi mwangu tangu enzi za rangi tupu. Fundi fremu huona vitu viwili asivyoviona mnunuzi: mgongo wa picha, na hali yake inaporudi baada ya masika matano. Kwa hiyo mtanisamehe nikizungumza sana habari za migongo.

Tambara la kufutia brashi

Jina la Mwalimu limemganda kwa kuwa alisomesha uchoraji skuli. Kwa miaka alichora picha za dhahania, zile ambazo mtaani tunaziita rangi tupu. Kanvasi ya mita moja na nusu, rangi ya mafuta iliyopakwa kwa kisu ikasimama kama siagi juu ya boflo, buluu juu ya buluu, kijani ya maji ya mkondo, na pembeni kabisa, karibu picha iishe, doa dogo jekundu. Hazina majina. Nyuma kuna namba na mwaka. Ukimuuliza hii ni nini, atakwambia "picha", kisha atarudi kwenye chai yake.

Alipogeuka nilikuwepo. Alikuwa akifutia visu na brashi kwa vipande vya kanga kuukuu, kama tufanyavyo sote. Kanga huvaliwa, ikichuja ikafungiwa mtoto, ikichanika ikawa ya jikoni, na mwisho wake ndiyo hiyo tambara. Matambara yake akiyaanika kambani, roshani. Nimepeleka fremu siku moja, nikasimama nikiitazama kamba ile. Kipande kimoja kilikuwa na pindo jeusi lenye mapambo ya korosho nyekundu, juu yake michirizi ya buluu na nyeupe aliyoipangusa bila kufikiri, na jina la kanga limekatwa, yamebaki maneno mawili: HANA SABABU. Nikamwambia, "Mwalimu, tambara hili zuri kuliko picha uliyonipa niitie fremu." Nilikuwa namtania. Hakucheka. Safari ya pili nikalikuta limepigwa pini kwenye ubao, naye amekaa mbele yake na penseli.

Tangu hapo anachora kanga. Hachori mwanamke aliyejifunga kanga, maana hao wamejaa madukani. Anachora nguo yenyewe ikajaa picha nzima, karibu kipimo kile kile cha kanga, sentimita 150 kwa 110: pindo likizunguka pande nne, mji katikati, na jina juu kidogo ya pindo la chini.

Za mwanzo, kusema kweli, zilikuwa ngumu. Mkono uliokuwa ukikata buluu kwa kisu bila woga ukawa unatembea na rula. Korosho zote sawasawa, kama daftari la mtoto anayeogopa bakora. Kama wewe unapenda kuuona mkono wa mchoraji, pale alipositasita na pale alipokata shauri, basi picha za buluu zinazishinda hizo kwa mbali. Zilizofuata zimelegea. Pindo linakosewa kusudi kwenye pembe moja, mji unaachwa wazi, na ile buluu ya zamani inachungulia chini ya nyekundu. Hizo ndizo za kuzipima na picha za rangi tupu. Zile za rula mwachie yeye.

Kijembe ukutani

Kwa shemeji, jambo hili ni zito kuliko rangi na bei. Picha ya rangi tupu inanyamaza. Kanga inasema, na Unguja hakuna asiyejua kuisoma.

Mteja wangu mmoja, mtu mzima na akili zake, alinunua kwa Mwalimu kanga ya buluu na manjano yenye jina MDHANIAYE NDIYE KUMBE SIYE. Aliipenda buluu. Maneno hakuyatia maanani, aliyaona kama sehemu ya pambo. Nikaitia fremu ya mninga, akaitundika mkabala na kochi wanalokalia wageni. Siku ya Idi akaja dada yake, yaani wifi wa mkewe. Akakaa, akapewa halua, akainua macho. Akasoma. Halua aliiacha nusu, akaaga ana haraka, na hakurudi nyumba ile hadi watu wazima walipoingia kati. Kwani nani kamchagulia jina lile? Mke, bila shaka! Nani mwengine ndani ya nyumba huchagua kanga? Mke wa watu hata dukani hajawahi kuiona ile picha.

Mteja akanirudia, anauliza kama fremu inaweza kufunika maneno. Nikampimia: jina limekaa juu ya pindo, kwa hiyo ubao wa kulifunika ungefika shubiri moja kwa upana, na picha ingekuwa kama mtu aliyevaa suruali imepanda mpaka kifuani. Sasa iko chumbani nyuma ya kabati.

Naisimulia kwa sababu wanaume tunanunua kanga kwa rangi na wanawake wanainunua kwa jina. Anayekupa kanga amekupa ujumbe, na anayepita mbele yako kajifunga moja huenda kakujibu. Kijembe cha nguoni angalau kinatembea, kinafuliwa, kinachakaa. Cha ukutani kinakaa pale pale, kikimwambia neno lile lile kila anayeingia, awe mkwe, awe mdai. Ukichukua picha yenye jina, chukua jina ambalo uko tayari kulisema kwa mdomo wako mbele ya watu wote wa nyumba yako. WEMA HAUOZI halijamtibua mtu. SISI SOTE ABIRIA DEREVA NI MUNGU linakubalika hata msibani. HASIDI HANA SABABU, hapana, hata kama limechorwa vizuri kupita yote.

Rangi tupu ina kero yake ndogo: kila mgeni atauliza ni nini, na mmoja kati yao atasema hata mwanawe angeweza. Utazoea.

Lakini kuna kanga za Mwalimu zisizosema, na hapo ndipo uchaguzi unapokuwa mtamu. Ya kwanza ni kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ya harusini. Kisutu cha asili hakina jina. Kinachosema chenyewe ni kwamba hapa kuna bibi harusi, kwa hiyo mimi ningekiweka chumbani kwa maharusi kuliko ukumbini.

Ya pili ni picha anayoiita Leso sita. Kabla ya kanga kuwa kanga, katika karne ya 19, wanawake wa mjini hapa walikuwa wakinunua leso zilizopigwa chapa, zikija gora zima hazijakatwa. Wakikata leso sita, wakagawa tatu tatu, wakaunga ubavu kwa ubavu ikawa nguo moja ya kujifunga. Jina lilikuja baadaye, mwanzoni mwa karne ya 20, tena kwa herufi za Kiarabu kwanza. Mwalimu amechora nguo ile ya leso sita: miraba sita, kila mmoja na ukingo wake, na mshono katikati haukunyooka. Ukisimama mbali utaapa ni moja ya picha zake za rangi tupu. Ukisogea unaona uzi.

Nilimwambia hivyo, akanitolea kitabu. Kumbe mwaka 1911 huko Paris, mchoraji Sonia Delaunay alimshonea mwanawe mchanga blanketi la viraka, na viraka vile vikamfungulia njia ya kuchora maumbo matupu ya rangi. Yeye alitoka kwenye nguo akaenda kwenye rangi tupu. Mwalimu ametoka kwenye rangi tupu akaenda kwenye nguo. Wamepishana njiani.

Ya tatu ni kundi la karibuni. Pindo lipo, mji upo, na mahali pa jina pamepakwa nyeupe, utepe mtupu. Niliipeleka moja nyumbani kuikausha gundi ya fremu, mamaangu akaitazama kutoka mlangoni. Picha hazimshughulishi hata kidogo. Akasema, "Jina kalifuta huyu. Basi wamepatana." Akaenda zake kupika.

Nyumba ya mawe, nyumba ya matofali

Watu huchagua picha wakiwa wamesimama kwa mchoraji, chumba kikubwa, madirisha wazi. Nyumbani ni habari nyengine.

Kama unakaa nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe, pima upana wa chumba kabla hujatoa pesa. Vyumba vile ni virefu na vyembamba kwa sababu dari yake imebebwa na boriti za mikoko, na boriti haipati zaidi ya mita 3 hivi. Ukitundika picha ya rangi tupu ya mita moja na nusu kwenye ukuta mrefu, mgongo wako unagusa ukuta wa pili na bado hujaiona nzima. Unaona kisu na rangi iliyosimama. Picha yenyewe huioni. Buluu zile zinahitaji hatua sita za kurudi nyuma. Zitundike kwenye ukuta mfupi, mwisho wa chumba, au usizichukue. Kanga haina shida hiyo. Imebuniwa kusomwa mgongoni mwa mtu njiani na pia kutazamwa mapajani unapokaa, kwa hiyo karibu inafaa na mbali inafaa.

Nyumba ya shemeji ya Fuoni ni ya matofali ya saruji, ukumbi mita 5 kwa 4, dirisha la vioo upande wa bahari. Pale buluu itakaa kama mfalme, na leso sita pia.

Jambo la kibla linawahusu wengi wetu. Hapa kwetu kibla ni kaskazini. Mkisali jamaa ukumbini, ukuta huo uacheni mtupu, si kwa picha za Mwalimu tu. Kazi zake hazina viumbe, na hilo limemuuzia picha nyingi kwa watu wasiotaka sura za watu wala wanyama nyumbani. Ila pindo lenye korosho arobaini litakuvuta macho ukiwa umesimama rakaa ya pili, hata kama una khushui namna gani.

Geuza picha

Hapa ndipo ninapopatia kula yangu, sikilizeni.

Picha za rangi tupu nyingi ziko kwenye kanvasi ya dukani na hazina neno. Lakini kuna kipindi kanvasi iliadimika, Mwalimu akawa ananyoosha merikani mwenyewe, nguo ile ile iliyopata jina lake kwa meli za Salem, Marekani, zilizokuwa zikiileta Unguja karne ya 19. Merikani ni nguo nzuri ikipakwa msingi mweupe wa kutosha. Usipotosha, mafuta ya rangi hupenya yakaila pamba, nguo ikawa kavu kama jani la mgomba. Igeuze picha. Ukiona madoa ya rangi ya chai mgongoni, yanayofuata umbo la rangi ya mbele, irudishe.

Kundi la pili ni la hatari zaidi. Alipoanza kuchora kanga hakuwa na pesa za kanvasi mpya, akachora juu ya picha zake za zamani. Rangi ya juu ni akriliki, ile inayochanganywa kwa maji, ya chini ni mafuta, na akriliki haishiki juu ya mafuta. Mwanzo haionekani kitu. Moja ilinirudia baada ya miaka michache, mji wake umeinuka vipande vipande kama ganda la kitunguu, na chini, buluu ile ya kisu iko vile vile, inang'aa. Mwenye picha alikuwa na hasira. Mimi nilisimama nikiitazama buluu na sikusema neno. Kuzitambua ni rahisi: pitisha kidole. Ukikuta tuta la rangi nene linalokwenda njia yake, halifuati pindo wala korosho, hapo chini kuna picha nyengine. Usiinunue hata kwa nusu bei, labda uwe unaipenda hiyo ya chini.

Chache kati ya hizi mpya zina vipande vya kanga ya kweli vilivyogandishwa. Muulize kama kanga ilifuliwa kwanza. Kanga mpya ina wanga, na wanga ndio chakula cha koga na cha wadudu wanaotafuna vitabu. Tena rangi ya nguo huchuja juani kabla ya akriliki, kwa hiyo mbele ya dirisha la shemeji nguo itapauka na rangi itabaki, na baada ya muda picha itakuwa na mabaka.

Koga haichagui. Ukuta wa mawe na chokaa unavuta maji kutoka chini, na masika yakikaza picha iliyobanwa ukutani huota madoa mgongoni. Mimi nakata vipande vya kandambili kuukuu nabandika pembe mbili za chini, hewa ipite. Kioo usiweke, mafuta na akriliki havihitaji kioo, na kioo hufungia unyevu ndani.

Fremu nayo si sawa kwa zote. Fremu ya kawaida humeza kiasi cha milimita 6 kila upande. Kwa buluu hilo si tatizo, isipokuwa lile doa jekundu la pembeni: niliwahi kulifunika nusu, na Mwalimu alinisemesha siku nzima. Kwa kanga ni tatizo kila mara, kwa sababu pindo limepimwa na likiliwa upande mmoja zaidi nguo nzima inaonekana imekatwa na fundi mlevi. Kanga iache bila fremu, au itie kwenye fremu ya sanduku, ile ambayo picha imekaa ndani na nafasi ya kidole kuizunguka. Ni ghali zaidi, na nasema hivi mimi ninayeiuza.

Bei, na ile hofu ya kununua pambo la watalii

Buluu zimeshuka bei kwa kuwa zimejaza chumba cha Mwalimu na anataka nafasi. Hachori tena nyengine. Kanga ni karibu mara mbili yake, na leso sita ni zaidi ya hapo, asiyetaka aache.

Shemeji ana hofu kwamba kanga ukutani itafanana na vipochi na mito ya dukani. Hofu hiyo ina msingi, maana kanga imekatwakatwa kila bidhaa inayobebeka kwenye begi la mgeni. Lakini mchoraji Lubaina Himid, aliyezaliwa hapa Zanzibar mwaka 1954 akapelekwa Uingereza angali mchanga, alishinda tuzo ya Turner, tuzo kubwa ya sanaa ya huko, mwaka 2017, na mwaka uliofuata huko Gateshead alitundika nguo alizozichora kwa mpango wa kanga, maneno na yote. Hakuna aliyeziita mito. Kipimo changu mimi ni pembe: tazama pale pindo la kulia linapokutana na la chini. Mtu aliyenakili kwa kuuza huibandika pembe tu, mistari ikagongana. Kwa Mwalimu, pembe huwa ndiyo sehemu aliyohangaika nayo kuliko zote, unaona alipofuta na kurudia.

Basi kwa nyumba ya Fuoni, ukuta ule, mwanga ule na wageni wale, ningechukua buluu yenye kanvasi ya dukani, ile kubwa iliyoegeshwa nyuma ya mlango. Pesa ikifika, leso sita. Kama ingekuwa chumba changu cha Kiponda, utepe mtupu bila kufikiri mara mbili.

Na shemeji asitoe hata arubuni mpaka dada yangu apande ile ngazi mwenyewe. Ana magoti mabaya na ngazi ya Mwalimu ni ya mbao, imesimama wima kama ya mnarani, kwa hiyo waende asubuhi kabla hakujachoma, na wamchukulie maji. Akitaka kuigeuza picha, aachiwe aigeuze.